Neno “Huenda” na Hatima ya Ziwa: Tahakiki ya Namna Wanafunzi Wanavyosoma na Kufupisha Makala za Kitafiti

Ikisiri

Ufupisho ni stadi inayofundishwa katika shule zetu kwa miaka mingi, lakini hufundishwa kwa kutumia matini za insha na habari, wala si makala za kitafiti. Makala hii inahakiki matokeo ya hali hiyo kwa mwanafunzi wa chuo anayetakiwa kusoma makala iliyoandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa na kuifupisha kwa Kiswahili. Mfano unaotumika ni mjadala wa kisayansi kuhusu kupungua kwa samaki katika Ziwa Tanganyika, ulioanza mwaka 2003, kwa kuutazama kutoka Minago, mwambao wa Rumonge nchini Burundi. Makala inadai kwamba kinachopotea zaidi katika mihtasari ya wanafunzi si hoja kuu bali kiwango cha uhakika cha hoja hiyo, na kwamba upotevu huo una sababu za kilugha zinazoweza kutajwa na kufundishwa. Mwishoni, utaratibu wa kusoma na kufupisha unapendekezwa, pamoja na hatua kwa walimu, wahariri na washauri wa sera.

Istilahi muhimu: ufupisho, makala ya kitafiti, kiwango cha uhakika, ikisiri, Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Minago ni mji mdogo wa wavuvi kwenye barabara ya ziwani inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge. Usiku taa za wavuvi huonekana majini. Asubuhi ndagala huanikwa, na bei ya mukeke hujadiliwa kwa Kirundi na Kiswahili kwa pamoja, maana mwambao huu umekuwa wa Kiswahili tangu enzi za misafara ya biashara. Kijana anayetoka hapa kwenda chuoni hubeba maarifa mengi kuhusu ziwa kabla hajafungua kitabu. Anajua majira ya upepo wa kusini, na anajua usiku upi ni wa kazi na upi wa kupumzika kwa sababu ya mbalamwezi.

Kijana huyo akifika chuoni hukutana na ziwa lake katika sura nyingine: makala za kitafiti zenye majedwali, vielelezo na sentensi ndefu za tahadhari. Anatakiwa azisome, azifupishe, kisha atumie ufupisho huo katika tasnifu au ripoti. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa na wanafunzi wa mwambao huu wakati wa likizo kusoma makala za aina hiyo. Sikuwa nikifanya utafiti wa kitakwimu, wala makala hii haidai kuwa na takwimu. Ninachowasilisha ni uhakiki wa kiisimu wa jambo nililoliona likijirudia: mwanafunzi hodari, anayejua Kiswahili vizuri na aliyeielewa makala kwa jumla, huandika muhtasari unaosema jambo ambalo makala haikusema.

Jambo hili lisingekuwa na uzito mkubwa kama mihtasari ingeishia kwenye madaftari. Lakini mwanafunzi wa leo ndiye afisa wa uvuvi wa kesho, mwandishi wa habari, au mshauri anayeandika kurasa mbili zitakazosomwa na mtu asiye na muda wa kusoma makala yenyewe. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Hatua za namna hii, ziwe sahihi au la, huamua kama familia itakula. Hivyo basi, swali la namna ya kufupisha utafiti kuhusu samaki ni swali la lugha lenye mlo wa watu ndani yake.

2.0 Makala Mfano na Mjadala Wake

Mwezi Agosti 2003 jarida la Nature lilichapisha makala ya Catherine O’Reilly na wenzake kuhusu athari za mabadiliko ya tabianchi katika Ziwa Tanganyika. Ni makala fupi yenye kurasa tatu, na kwa sababu hiyo huvutia walimu wanaotafuta matini ya kufundishia. Hoja yake inaweza kuelezwa kwa hatua nne. Kwanza, tangu mwanzo wa karne ya 20 maji ya juu ya ziwa yamepata joto. Pili, maji ya juu yakipata joto huwa mepesi zaidi, nayo yakisaidiwa na kupungua kwa kasi ya upepo, hayachanganyiki vizuri na maji mazito ya chini. Tatu, kuchanganyika kukipungua, virutubisho vilivyo kilindini havipandi juu kwa wingi kama zamani, na vijimea vya majini ambavyo ndivyo msingi wa chakula cha samaki hukosa rutuba. Nne, rekodi za isotopu za kaboni katika tope lililochimbuliwa sakafuni mwa ziwa zinadokeza kwamba huenda uzalishaji huo wa msingi umepungua kwa takriban asilimia 20, na kutokana na makadirio hayo mavuno ya samaki yanakisiwa kupungua kwa takriban asilimia 30.

Mwezi mmoja kabla, Verburg, Hecky na Kling walikuwa wamechapisha katika jarida la Science makala iliyoelekea upande huohuo: ziwa limepata joto, kuchanganyika kwa maji kumepungua, na uzalishaji umeshuka. Lakini mwaka 2006 Sarvala na wenzake walijibu kwamba samaki wanaovuliwa ziwani huakisi zaidi mabadiliko ya namna ya kuvua kuliko mabadiliko ya tabianchi. Pingamizi hilo halikuwa dogo. Mavuno yanayoandikwa kwenye daftari la mizani hutegemea nani anavua, kwa chombo gani na wapi. Na katika maji ya Burundi meli za uvuvi wa kiviwanda, zilizoanza kazi miaka ya 1950, zilikuwa zimefifia kufikia miaka ya 1990. Mwaka 2016 Cohen na wenzake walirudi kwenye mjadala kwa rekodi ya tope ya takriban miaka 1,500. Walionyesha kwamba kupungua kwa baadhi ya samaki na konokono kulianza kabla ya uvuvi wa kibiashara, na kwamba makazi yenye oksijeni sakafuni mwa ziwa yamepungua kwa asilimia 38 katika maeneo waliyoyachunguza.

Msomaji atambue kwamba kila moja ya makala hizi inasema jambo lenye mipaka. Hakuna hata moja inayojibu swali la iwapo ziwa lifungwe kwa miezi mitatu. Hakuna inayosema mvuvi wa Minago ana hatia au hana. Aliyezisoma zote nne anabaki na picha isiyo rahisi, nayo ndiyo picha ya kweli: joto la ziwa lina ushahidi mwingi, mchango wake katika kupungua kwa samaki una ushahidi wa viwango tofauti, na mchango wa uvuvi haujaondolewa mezani.

3.0 Urithi wa Ufupisho wa Shuleni

Mwanafunzi anayeletewa makala ya O’Reilly na wenzake haanzi patupu. Tayari ana namna ya kufupisha aliyoirithi shuleni. Nchini Kenya, kwa mfano, ufupisho umekuwa na alama 15 katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE. Nchini Tanzania ufupisho na ufahamu huenda pamoja katika masomo ya sekondari. Nchini Burundi, ambako Kiswahili hufundishwa kama somo huku Kifaransa kikitawala ufundishaji wa madarasa ya juu, mwanafunzi hupata mazoezi ya muhtasari katika lugha zaidi ya moja. Maagizo yanafanana kila mahali: soma matini yote, tafuta hoja kuu, ondoa mifano na maelezo ya ziada, tumia maneno yako mwenyewe, usizidishe idadi ya maneno, usitie maoni yako.

Maagizo haya si mabaya. Yanalingana kwa kiasi na kanuni ambazo Kintsch na van Dijk (1978) walizieleza: kufuta yasiyo ya lazima, kujumlisha mambo yanayofanana, na kuunda sentensi mpya inayobeba maana ya sentensi nyingi. Brown na Day (1983) walionyesha kwamba wanafunzi wachanga hutegemea zaidi njia ya kunakili na kufuta, ilhali wafupishaji waliobobea huunda sentensi zao. Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyesahihisha ufupisho atakubaliana na tofauti hiyo.

Tatizo liko kwenye aina ya matini. Matini ya mtihani huwa ni kifungu kuhusu faida za michezo, madhara ya ufisadi au uhifadhi wa misitu. Ndani yake hoja zimepangwa kama punje za shanga: kila moja ina alama yake, zote zina uzito sawa, na zote huchukuliwa kuwa kweli. Mtahini hamwulizi mwanafunzi: “Mwandishi amejuaje?” wala “Ana uhakika kiasi gani?” Kinyume chake, neno kama huenda au takriban likiachwa, halimnyimi mwanafunzi alama, likibakizwa, linamwongezea maneno. Kwa hiyo mazoezi ya miaka mingi humfundisha kwamba maneno ya tahadhari ni maganda ya kumenywa.

Makala ya kitafiti haina umbo la shanga. Swales (1990) alionyesha kwamba utangulizi wa makala ya kitafiti hufanya kazi tatu: kueleza uwanja, kuonyesha pengo katika uwanja huo, na kuliziba pengo. Baada ya hapo hufuata mbinu, matokeo na mjadala, na kila sehemu inaitegemea iliyoitangulia. Dai la mwisho lina nguvu kadiri mbinu na data zinavyoruhusu, si zaidi. Hyland (1998) aliyachunguza maneno ya tahadhari katika makala za kisayansi, na ujumbe wa kazi yake kwetu ni huu: maneno hayo ni sehemu ya dai lenyewe. Mwandishi anaposema huenda, haogopi; anapima. Kuliondoa neno hilo ni kubadilisha kipimo, sawa na muuza ndagala anayeondoa kipande cha uzito kwenye mizani na kudai kilo ni ileile.

4.0 Yanayopotea Njiani

Upotevu ninaouzungumzia hautokani na uzembe pekee. Sehemu kubwa yake hutokea pale ambapo lugha mbili zinakutana. Nitataja njia nne.

4.1 “Huenda umepungua” na “unaweza kupungua”

Kiingereza kina kitenzi kisaidizi kimoja kinachoweza kuonyesha uwezekano wa jambo lililokwisha kutokea na pia la jambo lijalo. Mwanafunzi aliyezoea kukitafsiri kwa -weza huandika: “uzalishaji unaweza kupungua kwa asilimia 20.” Sentensi hii ni safi kisarufi, lakini imehamisha wakati. Makala ilizungumzia upungufu ambao huenda umekwisha kutokea; muhtasari unazungumzia hatari inayokuja. Msomaji wa sera atapanga hatua za kuzuia, kumbe watafiti walikuwa wakieleza hali iliyopo. Kiswahili kina nyenzo ya kutosha hapa: huenda pamoja na -me- hubeba maana yote mawili, uwezekano na ukamilifu. Kinachohitajika ni mwalimu kuitaja nyenzo hiyo kwa jina na kuizoesha.

4.2 Hali ya masharti ya Kifaransa na kiambishi -nge-

Kwa wanafunzi wa Burundi na wa mashariki ya Kongo kuna mtego wa pili. Kifaransa cha magazeti na ripoti hutumia hali ya masharti ya kitenzi kutoa habari ambayo mwandishi hajaithibitisha mwenyewe. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba hali hiyo ni sawa na -nge- huandika “samaki wangepungua kwa asilimia 30.” Kwa msomaji wa Kiswahili sentensi hiyo inadai sharti: wangepungua kama nini? Tena inaelekea kumaanisha kwamba hawakupungua. Habari isiyothibitishwa imegeuka kuwa jambo lisilotokea. Tafsiri inayofaa ni inasemekana wamepungua, inakadiriwa wamepungua, au kwa mujibu wa ripoti, wamepungua, kutegemea chanzo.

4.3 “Inadokeza” na “inapendekeza”. “Ushahidi” na “uthibitisho”

Mtego wa tatu ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu umeingia hata katika ikisiri za majarida. Kitenzi kimoja cha Kiingereza kina maana mbili: kudokeza na kupendekeza. Mwandishi wa sayansi akisema kwamba data zinadokeza jambo, mwanafunzi huandika kwamba data “zinapendekeza” jambo hilo. Katika Kiswahili, kupendekeza ni kutoa rai ya kufanywa. Tope la sakafuni mwa ziwa halipendekezi kitu; lina dalili, nayo hudokeza. Lakini muhtasari unaosema “matokeo yanapendekeza kupungua kwa samaki” humfanya msomaji asiyejua chanzo aone kama watafiti wametoa ushauri, tena ushauri wa ajabu.

Vivyo hivyo kwa ushahidi na uthibitisho. Mahakamani kila Mswahili anajua tofauti: shahidi mmoja hutoa ushahidi, hukumu husubiri uthibitisho. O’Reilly na wenzake wanasema utafiti wao unatoa ushahidi kwamba athari za tabianchi zinaweza kuzidi zile za shughuli za watu za karibu au za uvuvi wa kupita kiasi. Nimeona dai la namna hii likigeuzwa kuwa “utafiti umethibitisha kwamba uvuvi si chanzo.” Hatua mbili zimerukwa kwa mpigo: ushahidi umekuwa uthibitisho, na kuweza kuzidi kumekuwa kuondoa kabisa.

4.4 Mipaka ya mahali

Njia ya nne haitokani na tafsiri bali na kanuni ya kufuta. Maneno kama katika maeneo yaliyochunguzwa huonekana ya ziada. Lakini asilimia 38 ya Cohen na wenzake ni ya maeneo waliyoyachunguza. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 650, linagawanywa na nchi nne, na sehemu ya Burundi ni takriban asilimia 8 ya eneo lake. Anayefuta maneno hayo matatu hulipanua dai kutoka vituo vichache vya utafiti hadi ziwa zima, kutoka kwa mwanasayansi mwangalifu hadi kwa mtangazaji.

5.0 Mihtasari Miwili Ikilinganishwa

Ili tofauti ionekane, nimetunga mihtasari miwili ya makala ya mwaka 2003. Wa kwanza umeundwa kwa kukusanya makosa yaliyoelezwa hapo juu:

“Mabadiliko ya tabianchi yamesababisha uzalishaji wa Ziwa Tanganyika kupungua kwa asilimia 20 na samaki kwa asilimia 30. Utafiti umethibitisha kwamba uvuvi si tatizo kubwa. Watafiti wanapendekeza hatua zichukuliwe.”

Muhtasari huu ni mfupi, una mtiririko, na katika mtihani wa sekondari ungepata alama nzuri. Hata hivyo, una makosa manne: uhakika umepandishwa, tarakimu mbili zenye vyanzo tofauti zimewekwa sambamba kana kwamba zote zimepimwa, dai kuhusu uvuvi limezidishwa, na pendekezo limebuniwa. Wa pili ni huu:

“O’Reilly na wenzake (2003) wanachunguza iwapo ongezeko la joto limeathiri rutuba ya Ziwa Tanganyika. Kwa kutumia rekodi za joto la maji, upepo na isotopu za kaboni katika tope la ziwa, wanatoa ushahidi kwamba maji ya juu yamepata joto na kuchanganyika kwake na maji ya chini kumepungua. Isotopu zinadokeza kwamba huenda uzalishaji wa msingi umepungua kwa takriban asilimia 20; kutokana na makadirio hayo, wanakisia upungufu wa takriban asilimia 30 wa mavuno ya samaki. Wanaona kwamba athari za tabianchi zinaweza kuzidi zile za uvuvi wa kupita kiasi. Sehemu inayohusu samaki imepingwa na Sarvala na wenzake (2006).”

Muhtasari wa pili ni mrefu zaidi, na urefu huo una faida yake. Mshauri wa sera anayeusoma anajua tarakimu ipi imetoka kwenye tope na ipi imekokotolewa kutoka kwenye tarakimu nyingine. Anajua kuna mtu aliyepinga. Akiamua kutumia asilimia 30 katika hotuba ya waziri, ataamua akijua anachokifanya.

Tuone sasa tofauti hiyo inavyofika ufukweni. Msomaji wa muhtasari wa kwanza ana haki ya kuhitimisha kwamba kufunga uvuvi ni kumwadhibu asiye na kosa, kwa kuwa joto halisikii amri ya kufunga ziwa. Mtu mwingine, aliyesoma muhtasari mbovu wa Sarvala na wenzake, atahitimisha kwamba tatizo lote ni nyavu za wavuvi. Wawili hao wakikutana katika kikao kimoja, watabishana kwa ukali, kila mmoja akiwa na “sayansi” mkononi, ilhali makala zenyewe haziko mbali kiasi hicho. Ugomvi wao umetengenezwa na wafupishaji. Anayelipa gharama yake ni mvuvi ambaye hakualikwa.

6.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na uhakiki huu, ninapendekeza mwanafunzi aisome makala ya kitafiti mara tatu. Wazo la kusoma mara tatu si jipya. Keshav (2007) alilieleza kwa wanafunzi wa sayansi ya kompyuta. Ninachoongeza ni kazi ya lugha katika kila awamu.

Awamu ya kwanza ni ya kutafuta umbo. Mwanafunzi asome anwani, ikisiri, vichwa vya sehemu, vielelezo na hitimisho. Aandike sentensi moja tu: makala hii inauliza nini? Swali hilo litungwe kama swali, likiwa na alama ya kuuliza. Asiyeweza kulitunga hajawa tayari kufupisha.

Awamu ya pili ni ya kutafuta dai na msingi wake. Achore safu nne kwenye karatasi. Katika ya kwanza aandike dai. Katika ya pili, data iliyolizaa. Katika ya tatu, neno la uhakika alilolitumia mwandishi. Katika ya nne, mpaka wa mahali na wakati. Safu ya tatu ndiyo kiini. Mwanafunzi akiwa na ngazi ya maneno ya Kiswahili mbele yake, imethibitika, inaonyesha, inaelekea, inadokeza, huenda, haijulikani, ataweza kuchagua ngazi inayolingana na chanzo badala ya kutafsiri neno kwa neno. Ngazi hii si sheria. Darasa linaweza kuijadili na kuipanga upya. Mjadala huo wenyewe ni somo zuri la semantiki.

Awamu ya tatu ni ya kuuliza nani amejibu. Makala ya kitafiti ni kauli moja katika mazungumzo. Kabla ya kuandika, mwanafunzi atafute angalau makala moja ya baadaye iliyoitaja hii aliyoisoma, aone kama inakubali, inasahihisha au inapinga. Mwanafunzi wa Minago asiye na intaneti ya uhakika atahitaji msaada wa mwalimu au mkutubi hapa, na ni wajibu wa chuo kumpa.

Ndipo aifunge makala na kuandika kutokana na safu zake nne. Kuifunga makala kunamzuia kunakili na kufuta. Akimaliza, aifungue tena na alinganishe jambo moja tu: je, kuna sentensi katika muhtasari iliyo na uhakika zaidi kuliko ya mwandishi? Kama ipo, airekebishe. Jaribio hili huchukua dakika chache, na kwa uzoefu wangu ndilo linalobadilisha tabia ya mwanafunzi haraka zaidi.

7.0 Pingamizi Mbili

Inaweza kupingwa kwamba mtunga sera hahitaji huenda. Anahitaji kujua afanye nini, na muhtasari uliojaa tahadhari humwacha njia panda. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Kuna waandishi wanaojificha nyuma ya tahadhari ili wasiwajibike kwa lolote, na mwanafunzi asiige hilo. Lakini kinachopendekezwa hapa ni kulinganisha uhakika wa muhtasari na wa chanzo, si kuongeza tahadhari. Pale ambapo watafiti wana uhakika, muhtasari useme hivyo bila kusitasita: kwamba maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yamepata joto ni jambo ambalo makala zote tatu za 2003 na 2016 zinakubaliana, na kuliwekea huenda kungekuwa kosa lilelile kwa upande wa pili. Aidha, uamuzi chini ya mashaka ni kazi ya kila siku ya serikali. Mvuvi naye huamua kila jioni kuingia majini au kutoingia bila kuwa na uhakika wa upepo. Hatuhitaji kumficha mtunga sera mashaka ambayo mvuvi huyabeba bila kulalamika.

Pingamizi la pili ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha za kubeba nuances za sayansi, hivyo ni afadhali mihtasari ibaki katika lugha ya chanzo. Nimejaribu kuonyesha kwamba upungufu hauko hapo. Kudokeza, kuashiria, kukisia, kukadiria, yamkini, huenda, yaelekea: msamiati upo, na wasemaji wa kawaida huutumia kwa ustadi wanapozungumzia mvua au mgonjwa. Kilichokosekana ni kuuingiza katika ufundishaji wa ufupisho na kuudai katika majarida yetu.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala hii imedai kwamba ufupisho wa shuleni, uliojengwa juu ya matini zenye hoja za uzito sawa, humwandaa mwanafunzi kuondoa jambo ambalo makala ya kitafiti inalihitaji zaidi, yaani kiwango cha uhakika na mpaka wa dai. Mfano wa Ziwa Tanganyika umeonyesha kwamba kosa hilo hupitia njia za kilugha zinazojulikana, na kwamba lina athari kwa maamuzi yanayowagusa wakazi wa mwambao.

Yapo mambo matatu ya kufanya. Kwa walimu na watunga mitaala: kifungu kimoja cha utafiti, hata kilichorahisishwa, kiingizwe katika mazoezi ya ufupisho ya madarasa ya juu ya sekondari, na alama zitolewe kwa kuhifadhi kiwango cha uhakika. Kwa wahariri wa majarida na mijalada ya makongamano kama hili: ikisiri zisomwe na mhariri wa lugha anayejua tofauti ya kudokeza na kupendekeza, ushahidi na uthibitisho, maana ikisiri ndiyo muhtasari wa kwanza ambao mwanafunzi huuiga. Kwa washauri wa sera: kila muhtasari wa utafiti unaowafikia uulizwe maswali matatu kabla ya kutumika, nani amesema, amejuaje, na nani amempinga.

Mwaka 2003, mwaka uleule wa makala ya O’Reilly na wenzake, nchi nne zinazolizunguka ziwa zilitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika, na mamlaka iliyotokana nao ina makao yake Bujumbura. Kiswahili kinasikika katika pwani zote nne. Iwapo maarifa kuhusu ziwa hili yatawafikia watu wake kwa lugha hiyo, yatafika kupitia mikono ya wafupishaji, na wengi wao sasa hivi wako darasani.